Kitabu Kilichofungwa Pande Nne

Siku serikali ilipoondoa kodi ya mauzo kwenye vitabu vya chuo, kitabu cha binti wa Fundi kilipanda bei.

Fundi hakuelewa. Alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya duka la vitabu, pesa kazishika ndani ya mfuko wa suruali kama mtu aliyeshika kifaranga, akamwomba mwenye duka arudie. Mwenye duka, mama wa makamo ambaye wanafunzi wote walimwita Mama Vitabu, akarudia bila hasira, kwani tangu afungue mlango asubuhi hakuwa amefanya kazi nyingine. Kodi imeondolewa kwenye vitabu, alisema. Hiki si kitabu.

Kilikuwa kimekaa hapohapo juu ya kaunta ndani ya nailoni: kurasa za somo la mwili wa binadamu, kuanzia unywele hadi ukucha wa mguu, zimepangwa moja juu ya nyingine, nene kama tofali, bila jalada wala mshono. Wachapishaji walikuwa wameamua kuliuza somo hilo katika kurasa zilizo huru ili kuwapunguzia wanafunzi gharama. Wenye uwezo walinunua toleo la jalada gumu, ambalo Fundi alipotajiwa bei yake mara ya kwanza aliuliza kama ni pamoja na mhadhiri.

"Shikamoo mzee," ilisema sauti ya pembeni.

Alikuwa afisa wa kodi, kijana aliyenyoa vizuri, mwenye meza ndogo kando ya mashine ya risiti, na juu ya meza muhuri na kidau cha wino. Ofisi yake ilikuwa imemweka pale ili wenye maduka wasije wakapitisha magazeti na hadithi za mapenzi kwa jina la vitabu vya chuo. Wanafunzi walishampa jina la Bwana Muhuri. Alimweleza Fundi kwa upole, kama daktari anayempa mtu majibu mabaya. Sheria mpya inasema kitabu ni kurasa zilizounganishwa pamoja kwenye ukingo mmoja au zaidi. Zisizounganishwa ni karatasi. Karatasi zimo katika fungu la vifaa vya ofisi, na kodi ya fungu hilo ni kubwa kuliko ile iliyoondolewa.

"Kwa hiyo jana kilikuwa kitabu," Fundi alisema.

"Jana sheria ilikuwa haijasema kitabu ni nini, mzee. Kilikuwa kinaponea hapo."

Binti alikuwa kando ya baba yake, ameukazia macho uti wa mgongo wa plastiki uliokuwa ukiuzwa kwenye rafu. Alikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Mhadhiri wake alikwisha kuwatangazia kwamba ikifika Ijumaa asiye na kitabu asikanyage maabara, na asiyekanyaga maabara asijihesabu katika mtihani. Nakala za kurudufu alikuwa amezipiga marufuku tangu mwaka uliopita. Sasa alitaka kitabu chenye muhuri wa kodi, aone kwa macho yake kuwa kimenunuliwa kihalali. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kukohoa. Fundi akautoa mkono mfukoni, akamwambia binti waende, na Bwana Muhuri akawatakia siku njema.

*

Nyumbani hapakuwa na mahali pa kukaa. Fundi alikuwa fundi wa makochi, tena wa sifa. Benchi za kungojea za kliniki mbili na ukumbi mmoja wa benki zilipita mkononi mwake. Lakini redio ilipotangaza habari ya kodi, yeye na mkewe walipiga hesabu, wakaona kinachopungua kwenye bei mpya ya kitabu hakizidi bei ya makochi yao ya sebuleni. Basi wakayauza. Mnunuzi alikuja na shemeji zake. Alimtaka Fundi aketi kwenye kila kiti, kisha aruke kidogo, kisha alale, ili aone kama fremu italia. Fundi aliruka na kulala. Fremu haikulia.

Sasa mkewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anachambua mboga. Alikuwa mpishi wa kantini ya shule, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mikono mizito, na habari ya dukani aliisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Nilikuambia usubiri sheria ifike dukani," alisema. "Sheria ya redioni na sheria ya dukani ni mtu na binamu yake. Ukimjua huyu hujamjua yule."

Fundi alisema kwamba makosa si ya redio. Mkewe akasema hajalaumu redio, redio wanayo bado, anauliza makochi. Binti akaomba ruhusa akafue. Alipotoka, kila mmoja kati ya wazee alijua kwamba mwenzake anafikiria mtoto akirudishwa kutoka chuoni na sanduku lake, akipita mbele ya majirani ambao wote walikwisha kuonyeshwa barua ya kukubaliwa.

Ndipo Fundi aliposema, polepole, kama anayepapasa kitu gizani, kwamba kumbe kinachokosekana ni mshono tu. Bwana Muhuri hakusema kurasa hazifai wala hazitoshi. Alisema hazikuunganishwa.

Mkewe akaweka kisu chini. "Umeshona benchi linalokaliwa na wagonjwa kumi kwa siku," alisema, "utashindwa na karatasi?"

Siku zilizofuata, kila lawama ilipotafuta mwenyewe, Fundi alimkumbusha sentensi hiyo.

*

Bwana Muhuri aliisoma sheria yake upya, kidole kikifuata mstari, akakiri kuwa haikutaja nani ashone, wala wapi. Ila mali isitoke dukani kabla ya kupitishwa. Kama mzee anaweza kuunganisha hapahapa, mbele ya macho yake, yeye hana kipingamizi. Mama Vitabu akasogeza kalenda na kopo la kalamu, akampa Fundi kona ya kaunta.

Fundi alikuja na vifaa vyake kamili. Alizibana kurasa kati ya mbao mbili kwa jiriwa, akazitoboa kwa keekee ndogo, akatia uzi wa nta kwenye sindano ndefu inayoshona magodoro. Kwa jalada alileta mabaki ya ngozi bandia ya rangi ya kahawia, na chini ya ngozi akaweka sponji nyembamba, maana kwake kitu kisicho na sponji kilikuwa bado mifupa. Binti alikuwa darasani. Foleni ilisahau haraka zake ikageuka kuwa hadhira. Watu walipenda kuona jinsi uzi ulivyoingia na kutoka bila kuyumba, na Fundi, ambaye jana tu alikuwa amefukuzwa na macho ya foleni hiyohiyo, alinyoosha mgongo akashona kwa mbwembwe kidogo.

Alishona ubavu wa kushoto. Akageuza, akashona juu. Akageuza tena, akashona kulia. Mwanafunzi mmoja aliuliza mbona mzee anashona na huku. Fundi akamjibu bila kuinua macho kwamba ukiacha ukingo wazi, sponji hutoka. Mwanafunzi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata elimu ya bure. Fundi alimalizia upande wa chini, akakaza fundo, akakata uzi kwa meno.

Bwana Muhuri alikipokea kwa mikono miwili. Alivuta ukingo wa kwanza, ukakaza, na wa pili, wa tatu na wa nne ikawa hivyohivyo. Uso wake ukapata furaha ya mtu ambaye sheria yake imetendewa zaidi ya ilivyoomba.

"Ukingo mmoja au zaidi," alisema. "Mzee, hiki hakina ubishi."

Utaratibu ulitaka muhuri ukae juu ya mshono wenyewe, ili mtu asije akabadilisha kilichomo. Alitafuta fundo la mwisho, akaliona upande wa chini, akagonga hapo. Akaonya kwamba muhuri ni mmoja kwa kitabu kimoja, na ukiharibika kitabu kinarudi kuwa karatasi. Fundi alilipa bei isiyo na kodi, akabaki na kiasi cha kununua nyama. Foleni ilimpigia makofi.

*

Nyama ilikuwa jikoni wakati mkewe alipokishika kitabu. Alikisifia ngozi, akakibonyeza tumbo, akasema ni laini kuliko mto wao. Kisha akakigeuza upande huu na ule, akakigeuza tena.

"Mume wangu," alisema, "kinafunguliwa wapi?"

Fundi akakichukua amwonyeshe. Alikizungusha mara moja, kwa uhakika. Alikizungusha mara ya pili, pole kidogo. Mara ya tatu alikwenda nacho mlangoni kwenye mwanga, akasimama huko kitambo kirefu, mgongo kawapa.

Mkewe alicheka mpaka akaketi sakafuni, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaanza upya. Akasema mume wake amenunua mto wenye elimu ndani, mtoto alale juu yake apate digrii. Fundi alijitetea kwamba kazi ni kazi, kwamba hakuna kitu kilichowahi kutoka mkononi mwake kikiwa na ukingo ulio wazi. Aliyasema hayo akiutazama ukuta. Mkewe alipochoka kucheka alimwambia achukue wembe akate, wamalize. Fundi akauliza akate wapi, auharibu muhuri, na Ijumaa mhadhiri aulize muhuri uko wapi?

Binti alikuwa amekaa kwenye ndoo, kitabu mapajani, akipitisha kidole kwenye mshono. Mshono ulikuwa mzuri, wala hilo hakuna aliyelipinga.

"Baba," alisema, "Ijumaa nitakaa nacho mbele yangu. Mwalimu atatuambia tufungue. Nitafungua nini?"

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. Fundi alifunua sufuria ya nyama akaifunika tena, ingawa upishi haukuwa wake.

*

Bwana Muhuri alifadhaika. Alisema yeye amepitisha kitabu cha kingo nne, na kingo nne ndizo zilizoko kwenye taarifa aliyokwisha kuituma makao makuu. Fundi, aliyekuwa amelala na neno moja kichwani usiku kucha, alilitoa: sheria inasema ukingo mmoja au zaidi. Basi mmoja unatosha.

Kidole cha Bwana Muhuri kilifuata mstari. Kilirudi nyuma, kikafuata tena.

"Unatosha," alikiri. "Lakini ni lazima uwe ule wenye muhuri."

Muhuri ulikuwa chini. Fundi alimweleza, kwa heshima zote, kwamba kitabu hushonwa ubavuni, kushoto, watu wote duniani wafungue mkono wa kulia. Bwana Muhuri alisema hata yeye binafsi ameviona vya namna hiyo. Ila sheria haikutaja kushoto. Na kugonga muhuri wa pili kwenye kitabu kimoja ni kosa ambalo mwenzake mmoja alihamishiwa ghala la magunia kwa ajili yake. Basi mzee afungue pande tatu, abakize wa chini, na Mungu ambariki.

Miaka yote Fundi alikuwa akifumua kazi za mafundi wengine, na kila alipofumua alitoa maoni. Kazi yake mwenyewe alikuwa hajawahi kuifumua. Uzi wa nta ulikataa. Alilazimika kuukata jicho kwa jicho, kwenye kona ileile ya kaunta, mbele ya foleni ambayo safari hii haikupiga makofi. Yule mwanafunzi wa jana aliuliza kama sasa sponji haitatoka. Fundi akakata jicho jingine.

*

Kitabu kilichoshonwa chini hufunguka kwa kulaza ukurasa kuelekea tumboni mwa msomaji. Ukurasa wa mbele unausoma vizuri. Ukiulaza, mgongo wake unakuja kichwa chini miguu juu, nawe huna budi kukizungusha kitabu kizima uusome, kisha ukizungushe tena uendelee. Ijumaa ile maabarani binti alikizungusha kama dereva anayetafuta mahali pa kuegesha. Wenzake walipokuwa kwenye mapafu, yeye alikuwa angali kwenye mguu, tena mguu unaotazama mbinguni. Wawili watatu walijiziba midomo.

Mhadhiri alikuwa mtu mwembamba, makini, mwenye toleo la jalada gumu lililoandikwa kwa herufi za dhahabu. Alishuka kutoka jukwaani akaja kusimama juu ya kichwa cha binti. Aliitazama ngozi ya kahawia, akaibonyeza kwa kidole, ikabonyea, ikarudi. Akatafuta muhuri, akauona.

"Kaa," alisema, ingawa binti alikuwa amekaa. Akarudi jukwaani.

Jioni binti aliwasimulia wazazi kila kitu isipokuwa vicheko. Mama yake aliviona hata hivyo, akamwongezea mchuzi.

Jumatatu karakana ya Fundi ilikuwa na wageni. Wanafunzi watano walikuja kumwomba aende dukani awashonee zao. Fundi alifurahi kupata nafasi ya kurekebisha jina lake. Kitabu cha kwanza alikishona kushoto, ubavuni, kingo nyingine wazi, sawasawa na vitabu vya watu wote duniani. Bwana Muhuri alikikataa. Makao makuu, alisema, wameipokea taarifa yake na wameifurahia. Wameamua kwamba kitabu cha kwanza kupitishwa ndicho kielelezo cha nchi nzima mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Kielelezo kina mshono chini.

"Kielelezo ni kosa langu," Fundi alisema.

"Kosa lenye muhuri, mzee," Bwana Muhuri alisema kwa huzuni, na kwa mara ya kwanza Fundi alimwona kuwa ni mtoto wa mtu, mwenye bosi.

Basi akashona chini. Alishona vya watano, kisha vya darasa zima, kisha vya madarasa mengine, na Mama Vitabu akamletea kiti chenye mgongo. Toleo la jalada gumu likaanza kutozwa kodi kubwa, kwa kuwa mshono wake ulikuwa ubavuni na hivyo halikufanana na kitabu. Wenye uwezo walikuja na madereva wao, wakasimama kwenye foleni, wakamwomba Fundi awavunjie majalada awashonee upya. Aliwaambia waziwazi kwamba ni haramu kukitenda kitabu kizuri hivyo. Walimwambia afanye haraka, gari limeegeshwa vibaya.

Maabarani, binti alisimulia, sasa kila mmoja anazungusha. Mhadhiri akisema wafungue ukurasa fulani, viwiko sitini vinainuka pamoja. Yeye ndiye mwepesi kuliko wote, na wanaochelewa humtazama mikono. Jaribio la kwanza alishika nafasi ya tatu. Mama yake aliuliza wawili waliomtangulia walizungusha kwa mkono gani.

*

Mhadhiri alikuja karakanani Jumamosi mchana, kwa miguu, kitabu chake kimefungwa kwenye gazeti. Binti alikuwapo, kwani siku za mapumziko alimshikia baba yake mbao. Alimwamkia mwalimu wake akampangusia benchi.

Mhadhiri hakuketi. Alifungua gazeti, zile herufi za dhahabu zikawaka kwenye vumbi la sponji. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mkuu wa idara amepita madarasani kukagua mihuri, akakuta mtu mmoja tu asiye nao. Alieleza pia, na hapa alitafuta maneno, kwamba yeye akigeuza ukurasa wake kwa kidole darasa lote husimama kumngoja azungushe. Hazungushi. Wamekwisha kuanza kumwangalia kama mtu asiyejua kusoma. Wiki hii kijana mmoja alimfuata mezani akataka kumwelekeza.

"Mwalimu," Fundi alisema, "nikuambie ukweli. Lile lilikuwa kosa. Nilishona kama kochi. Wewe umesoma, unajua kitabu ni nini."

"Najua," mhadhiri alisema. Akakipapasa kitabu chake ubavuni, pale kilipopaswa kushonwa na palipokuwa pameshonwa, kwa ustadi, na watu waliojua kazi yao. "Shona."

Fundi akakibana kati ya mbao mbili. Akachukua kisu, akakiweka juu ya uti wa kitabu, na mkono ukagoma. Katika kazi yake alikuwa amepasua viti vya kila namna, vibovu na vizima, lakini hicho kilikuwa chema mno. Akamgeukia binti yake. Huyu ndiye wa chuo, alifikiri, huyu ndiye tuliyeuza makochi kwa ajili yake. Akisema neno moja tu, mwalimu wake atasikia, nami nitarudisha kisu mfukoni.

"Wewe unasemaje, mwanangu? Nishone wapi?"

Binti alishika mbao kwa mikono yote miwili, akazikaza zisiteleze.

"Chini, Baba," alisema, akimshangaa kidogo. "Kitabu hushonwa chini."